Baba Nekesa Kuingia Nyumbani Jua Likiwaka

Nekesa wangu amefanya kiwanda kizima kitoke saa kumi!

Hamjambo, jamani?

Baba Nekesa huingia usiku, lakini leo aliingia jua likiwaka. Nikajua tu amefutwa kazi. Nikakaa chini nikalia.

Mama Atieno, jirani yangu, akaja mbio na pakiti ya unga. "Pole, dada. Mungu yupo."

Mzee wangu akacheka. "Mnalilia nini? Mkubwa wetu wa kiwanda amesoma ule utafiti wa Nekesa wa chuo kikuu. Aliandika kwamba mtu aliyechoka huharibu kazi. Sasa tunajaribu saa chache, mshahara uleule."

Mimi niliishia darasa la saba, lakini huyo nilimzaa mimi!

Saa hii baba anamsikiliza kitindamimba wetu akisoma. Mara ya kwanza.

Mama Atieno, unga sirudishi. Njooni nyote tuusonge, tule na kuku, Jumapili.