Ng'ombe Niliyemweka Kwenye Tovuti

Saa mbili asubuhi napigiwa simu, mzee mzima sauti inamtetemeka.

"Evaline, mtoe yule ng'ombe kabla ya saa sita! Mwenyewe anasema mke wake akimwona, ndoa imekwisha."



Mimi ni binti wa Endagikot. Kutengeneza tovuti nimejifunza kwa kujitolea. Nilianza na ya kwaya, nikaiharibu, nikarudia. Safari hii ilikuwa ya kikundi cha wafugaji Hanang. Niliweka picha mbili: ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, kwa Mzee Nicodemo wa kijiji cha Gehandu, na mtamba mweusi kwa Mama Marieta, Gendabi. Nikatupia link mpaka kwenye grupu la familia, sifa zinaniua.

Aliyepiga ndiye huyo Mzee Nicodemo.

"Shikamoo mzee. Kwani ng'ombe si wako?"

"Marahaba. Nimewekewa tu! Wewe mtoto wa huku hujui mambo haya?"

Nayajua sana. Kwetu mtu hupeleka ng'ombe kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa ukija usimalize zizi lote. Ila ni siri. Na mimi nimeitangazia dunia.

Nikafuta. Nikafungua tena tovuti. Ng'ombe yuleyule ananitazama!

Mtandao unakatakata, na saa tano na nusu hiyo. Kumbe simu ilikuwa inanionyesha ukurasa wa zamani iliouhifadhi. Nikaufuta kwenye kumbukumbu ya simu, nikafungua upya. Hayupo! Nikashusha pumzi, ndoa ya watu imepona.

Mama akaingia, simu mkononi. Picha alishaihifadhi.

"Evaline, huyu umempiga picha wapi?"

"Gehandu, mama."

Akamgeukia Baba, aliyekuwa anakunywa chai.

"Baba Evaline, huyu si ng'ombe niliyepewa na mama yangu? Pembe hiyo naijua. Ulisema alikufa kwa ukame. Nikamlilia wiki nzima!"

Baba akainamia kikombe chake.

Nililia palepale. Niliogopa kweli, niliona nimeivunja nyumba yetu kwa mikono yangu. Mchana kutwa Mama hakumsemesha mtu, Baba anamfuata nyuma akiomba msamaha.

Jioni Mama akaniita jikoni.

"Yule mtamba mweusi wa Gendabi," akanong'ona, "mtoe naye. Kabla baba yako hajamwona."

Jamani, jitoleeni mjifunze, inalipa. Ila kabla hujaweka picha ya mfugo wa mtu, uliza mwenyewe ni nani. Na ujiandae, jibu linaweza kuwa limekaa kwenu linakunywa chai.