Ubeti wa Tatu wa Radi

Mjomba wangu ni fundi redio. Bado anajitambulisha hivyo, ingawa siku hizi redio zinazoletwa kibandani kwake kwa mwezi mzima hazizidi vidole vya mkono mmoja. Vingine vyote ni pasi, feni na mabirika ya umeme. Ukimwita fundi pasi ananuna hadi jioni.

Kibanda chenyewe ni chumba kimoja chenye mlango wa mabati unaolia ukifunguliwa. Nyuma ya kiti chake kuna rafu tatu za kanda, mia mbili na ushee, kila moja ina kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli. Kwa wino haandiki. "Wino ni kiburi," huniambia. "Binadamu hukosea, mpwa wangu."

Rafu ya juu yote ni ya Radi.

Sisi wa rika langu tunamjua Radi kwa picha: koti la ngozi, miguu mirefu kama ya korongo, gitaa la umeme likining'inia chini ya kiuno. Wazazi wetu walimjua kwa mwili mzima. Mjomba anasema gitaa lile lilipoanza kulia ulilisikia kwenye magego kabla halijafika masikioni. Wazee wa wakati huo walisema roki ni makelele ya watu wasio na kazi. Mjomba alikuwa na kazi, na makelele aliyapenda vilevile.

Ni yeye aliyeingia katika ukumbi wa wafanyakazi na kinasa sauti chini ya koti, siku Radi alipoimba kwa mara ya kwanza ule wimbo wa mtu aliye mbali na mpenzi wake. Wimbo huo haukurekodiwa studio hata siku moja. Radi aligombana na wenye studio, ukabaki wa jukwaani tu. Kwa hiyo aliyeutaka nyumbani alikwenda kwa Mjomba na kanda tupu. Mjomba aliunganisha mashine mbili kwa waya, akanakili kanda moja baada ya nyingine, amesimama wima muda wote, kwa sababu akikaa alisinzia.

Mwaka uliofuata, katika ukumbi uleule, umeme ulikatika Radi alipomaliza ubeti wa pili wa wimbo huo. Gitaa likafa. Watu hawakunyamaza. Waliimba ubeti wa tatu gizani, ukumbi mzima, kwa maneno waliyoyashika kwenye kanda:

Waya ukikatika, shika ncha moja,
nami huku nilipo nitashika ya pili;
tukivutana polepole, mpenzi,
tutasikika tena.

Umeme uliporudi, Radi alikuwa amesimama mdomo wazi. Wengine waliapa kwamba walimwona akilia. Tangu siku hiyo, kila onyesho, akifika ubeti wa tatu alirudi nyuma hatua mbili na kuelekeza kipaza sauti kwa watu. Miaka thelathini na minane hakuuimba. Ulikuwa ubeti wetu, Mjomba husema, na akisema "wetu" hujigusa kifuani.

Mwaka huu Radi ameugua koo. Mashabiki wake wana kikundi kwenye simu, na habari ilitufikia huko, kwa sauti ya binti yake. Alisema ni saratani, na kwamba Alhamisi ya wiki ijayo baba yake anapasuliwa, na watatoa kisanduku cha sauti. Baada ya hapo hataimba wala hatasema. Kisha akaongeza: "Baba anaomba mje nyumbani Jumapili mchana, wachache tu. Anataka kuimba ule wimbo wote, pamoja na ubeti wenu. Lakini anautaka kwa maneno yake mwenyewe, kama alivyouimba siku ya kwanza, kabla midomo ya watu haijayabadilisha. Ameyasahau. Nani ana ile kanda ya mwanzo?"

"Fundi," akaandika mwalimu mstaafu wa hesabu.

"Fundi redio, nani tena!" akaandika Mama Magodoro, muuza magodoro, mwenyekiti wa kikundi kwa kujichagua.

Ndani ya saa moja jina la Mjomba lilikuwa limetajwa mara arobaini. Nilikwenda kibandani kumsomea, kwa sababu maandishi ya simu yanamchosha macho. Nilidhani atafurahi. Aliendelea kufuta vumbi kwenye birika ambalo halikuwa na vumbi.

"Waambie kanda imeoza," alisema.

"Imeoza?"

"Sijaifungua miaka yote hiyo. Itakuwa imeoza."

"Basi tuitazame, Mjomba."

"Wewe Profesa una maneno machache, lakini yote ya kuudhi." Profesa ndilo jina alilonipa nilipoingia chuo.

Aliishusha kutoka pembeni kabisa mwa rafu ya juu. Kasha lilikuwa limepinda, kwa hiyo alifungua skrubu tano ndogo, akatoa utepe pamoja na vigurudumu vyake, akauhamishia kwenye kasha lingine zima. Kile kipande cha kitambaa kinachobana utepe kilikuwa kimeng'oka. Alikata kingine kwenye kofia yake ya zamani. Vidole vyake, vinavyotetemeka akishika kikombe, havikutetemeka hata kidogo. Kisha akausogeza utepe hadi karibu na mwisho, akabonyeza.

Kwanza makofi na viti. Halafu gitaa, la kijana, lenye hasira. Halafu sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikiwa safi namna ile. Mjomba alifumba macho. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Radi akavuta pumzi, akaanza wa tatu: "Na siku nitakapo..."

Tak. Kanda ikafika mwisho.

Niliigeuza upande wa pili. Kulikuwa na mtu anasoma habari za bei ya mahindi.

"Mjomba, mbona kopi zote zina ubeti mzima?"

Alikaa. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa mashine ikiwa inazunguka.

"Watu walirudisha kanda," alisema. "Fundi, umenikatia wimbo. Fundi, umenipunja. Ningewaambia nini? Dakika thelathini za upande mmoja ziliisha, na mimi nimebanwa katikati ya watu, mkono hauwezi hata kuingia ndani ya koti. Na halafu kulikuwa na yule." Alielekeza kidevu kwenye picha ya marehemu mkewe juu ya swichi. "Tulikuwa hatujaoana. Alikuwa amehamishiwa kazi mbali, anataka kanda. Ningempelekea wimbo uliokatwa kichwa?"

"Kwa hiyo ulimalizia."

"Niliingiza kichwa kwenye debe ili sauti iwe kama ya ukumbini. Gitaa niliazima kwa jirani. Nilimwimbia yeye tu, nakuapia. Lakini kopi yake ikawa nzuri kuliko zote, basi nikanakili kutoka hiyo. Moja, mbili. Mia."

Waya ukikatika, shika ncha moja. Nimesoma chuo miaka mitatu mashairi ya watu, nikafundishwa kuuliza kila neno limetoka wapi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini wimbo wa mapenzi una waya ndani yake.

"Mkeo alijua?"

"Alinijibu kwa barua ya mstari mmoja: 'Radi siku hizi ana mafua?' Alinicheka mpaka anaingia kaburini." Kisha akaacha kutabasamu. "Yule mtu ana siku chache za sauti. Anayataka maneno yake, na mimi ndiye niliyeyafukia. Nikisema imeoza, atakwenda kupasuliwa bila kitu, lakini bila kujua. Nikisema kweli, nitakuwa nimemwibia mara mbili: kwanza maneno yake, sasa hata ubeti wa watu wake."

Nilichemsha maji kwenye birika la mteja, tukanywa chai. Baadaye alichukua penseli, akaandika kitu kwenye kikaratasi cha kanda ile, akafuta, akaandika tena.

Jumapili alivaa shati jeupe na kubeba mashine yake mkononi kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe.

Radi anakaa nyumba ya kawaida, yenye ua mdogo na kamba ya nguo. Tulikuwa kumi na wawili sebuleni. Mama Magodoro alikuwa ameleta mto, kwa sababu, alisema, mto wa hospitali ni tofali lililovishwa foronya. Radi alikuwa kitini, kitambaa kimezungushwa shingoni, gitaa mapajani. Miguu ilikuwa mirefu vilevile. Sauti ilitoka kama mchanga unaomwagwa kwenye karatasi.

"Fundi," alisema. "Umeniletea?"

Mjomba hakukaa. Aliweka mashine chini, akasema yote akiwa amesimama wima, kama alivyokuwa akinakili. Kinasa sauti, tak, barua, debe. Alipofika kwenye debe, alimalizia akitazama kamba ya nguo dirishani.

Mwalimu wa hesabu ndiye wa kwanza kupata ulimi. "Miaka thelathini na minane," alisema. "Nimewaimbia wanangu wanne. Nimeuimba harusini kwangu! Maneno ya fundi pasi!"

"Fundi redio," alisema Mjomba.

"Nyamazeni nyote," alisema Mama Magodoro, ingawa kelele nyingi zilikuwa zake.

Kwa sababu Radi alikuwa anatikisika. Tulidhani maumivu. Binti yake alikuwa amekwishainuka na glasi ya maji. Kumbe mzee alikuwa anacheka, cheko lisilo na sauti, mkono umebana koo.

"Siku ile umeme ulipokatika," alisema, akipumzika kila maneno mawili matatu. "Nilisikia mnaimba maneno nisiyoyajua. Watu mia tano. Wote wanajua, mimi sijui. Nikasema, Radi, umeanza kuwehuka. Wimbo wako mwenyewe umekutoka."

"Lakini kile kipaza sauti..." alisema Mama Magodoro.

"Niliwaelekezea kwa sababu sikuujua huo ubeti! Ningemuuliza nani? Mwenye wimbo amuulize nani?"

Nadhani kila mmoja alikuwa anarudi kwenye jioni yake fulani ukumbini, anaitazama upya. Halafu mwalimu alianza kucheka, na sebule nzima ikafuata, isipokuwa Mjomba.

"Mzee, lakini ulitaka maneno yako," alisema.

"Yangu yalikuwa ya kujaza tu. Yangekuwa mazuri ningeyakumbuka." Radi alivuta kiti cha pembeni kwa mguu wake mrefu. "Kaa. Nifundishe."

Mjomba akakaa. Alimtajia mstari wa kwanza kwa sauti ya chini, sauti yake mwenyewe, bila debe. Radi akaurudia. Wa pili vilevile. Kwenye "tukivutana polepole" alikosea mara mbili, na Mjomba akamsahihisha kwa adabu kama anayemwonyesha mteja swichi. Kisha binti akamkalisha vizuri, na Radi akaanza wimbo kutoka mwanzo.

Mjomba alikuwa amebonyeza kitufe cha kunasa. Kanda mpya, ya dakika tisini.

Sauti ilikuwa imechakaa. Ubeti wa kwanza ulikuwa karibu mnong'ono, na wa pili aliuvuka kwa kuegemea gitaa. Kisha ukaja mwanya ule, pale anaporudi nyuma hatua mbili, na nikaona watu wote sebuleni wanavuta pumzi, kwa sababu miili yao imezoea. Mama Magodoro alijiziba mdomo kwa mto. Mwalimu aliuma kidole. Hakuna aliyeimba. Tulimwachia.

Radi aliuimba peke yake. Kwenye mstari wa tatu sauti ilikatika kabisa, midomo ikaendelea bila kitu. Mjomba aliinama mbele, mikono imeshika magoti, midomo yake nayo inatembea, lakini hakutoa sauti. Sikujua kwamba mtu anaweza kutokwa jasho kwa kunyamaza. Tulisubiri. Kisha ikarudi, nyembamba kama utepe, "tutasikika tena," na gitaa likafuata.

Watu walipiga makofi, wakalia, wakaanza kutafuta viatu. Binti yake alileta chai. Ilipita nusu saa, na Mjomba bado alikuwa ameketi karibu na mashine, inazunguka.

"Fundi, zima, wimbo umeisha," alisema Radi.

"Subiri kidogo, Mzee."

Kwa hiyo kanda ile ina wimbo mmoja, na baada ya hapo vikombe, viti vinavyoburutwa, Mama Magodoro akieleza namna ya kulalia mto, na Radi akijibu neno moja moja kwa sauti ile ya mchanga. Mjomba hakugusa kitufe mpaka utepe ulipofika mwisho wenyewe na kufanya tak.