Silvano, Mgombea Asiye na Kata

Efrazia wa Rangwi hakuwahi kukosa mkutano wa kampeni. Si kwamba alipenda siasa, alipenda fulana. Chama kikija na fulana, yeye yuko mbele, anapiga vigelegele mpaka mgombea mwenyewe anaanza kuamini kwamba atashinda. Kesho yake kikija chama kingine, vigelegele ni vile vile. Kura ni siri, vigelegele ni mali ya umma.

Fulana nyingi aligeuza matambara ya kupangusia masufuria. Lakini chache za mgombea udiwani mmoja, mwenye masharubu kama brashi ya viatu, alizihifadhi kwenye nailoni zake. Huyo alishindwa vibaya hata nyumbani kwake, inasemekana mkewe alikuwa safarini. Fulana zake zilikuwa nyeupe, na Efrazia hakuwa mtu wa kutupa kitu cheupe.

Hizo ndizo alizobeba siku alipokwenda mjini Lushoto, pamoja na picha ya mumewe, Silvano.

Silvano aliondoka na lori la kabichi. Kabla ya kuondoka alisimama nje ya kanisa baada ya misa, watu wote wakisikia, akaahidi kurudi na mabati. Alipofika sokoni Dar es Salaam akakuta milima yote imeshusha kabichi siku hiyo hiyo. Kabichi zikaoza. Habari hizo zilirudi na dereva. Silvano mwenyewe hakurudi. Mwanaume anaweza kurudi bila kabichi, lakini kurudi bila mabati baada ya kujitangaza mbele ya kwaya, hilo lina uzito wake. Binti yao Klara, aliyekuwa mgongoni wakati ule, sasa yuko darasa la nne, na anamjua baba yake kama anavyomjua Mtakatifu Yosefu: kwa picha.

Efrazia alimtafuta. Tangazo la redio lilisomwa kati ya msiba na ng'ombe aliyepotea, likapita. Karatasi alizotuma zibandikwe sokoni zilifunikwa na matangazo ya waganga wa nguvu za kiume. Ndipo akawaza: karatasi hukaa ilipobandikwa, ikingoja kufunikwa. Fulana inatembea. Inapanda lori, inakula kwa mama ntilie, inasimama foleni chooni na watu.

"Shikamoo mama," alisema Hamza, mwenye duka la picha za pasipoti.

"Marahaba. Nataka huyu aingie kwenye fulana."

"Ngapi?"

"Nne."

Hamza akacheka. "Nne, mama yangu? Hata netiboli hazitoshi! Ngoja nikueleze. Kuna skrini: naunda fremu, napitisha rangi. Hiyo ni rahisi ukiwa na shule nzima. Kwa nne utakuwa umenunua fremu, fulana umepewa nyongeza. Kuna karatasi ya kupiga pasi, inakaa kwenye pamba. Siku ya kwanza mzee anapendeza, ukifua mara mbili tatu anaanza kubanduka pua."

"Pua yake naihitaji."

"Basi kuna wino wa moto. Huo unazama kwenye uzi wenyewe, hautoki. Ila unataka fulana nyeupe, hizi za kutelezateleza za poliesta. Na fulana mpya ndiyo inayopandisha gharama."

Efrazia akafungua mfuko. Masharubu yakatokeza.

"Geuza," alisema. "Kwa ndani ni nyeupe."

Hamza akazipapasa fulana, akazigeuza, akamtazama yule mama kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa mgombea yeyote. Kisha akaichukua picha. Ilikuwa ya harusi. Akaikata kwenye kompyuta, bibi harusi akatoka, akabaki Silvano na vidole vinne vya mtu begani kwake.

"Huu mkono niufute? Unaharibu picha."

"Uache."

"Wa nani?"

"Wa mpiga kura wake."

Hamza akachukua fulana ya kwanza. Akaiweka kwenye mashine, akabana. Lakini wino wa mgombea kule ndani nao ulipopata joto uliamka, ukapenya. Mashine ilipofunguliwa, Silvano alikuwa pale kifuani, macho yake, pua yake nzima, na juu ya mdomo masharubu mepesi yasiyo yake.

"Duh," Hamza alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza mheshimiwa kuwafikia wananchi. Zilizobaki nitaziwekea karatasi katikati."

Fulana nne zikagawiwa kwa matingo wanne wa malori ya mboga. Ile ya masharubu ilimwangukia Yassin, kijana wa maneno mengi kuliko mizigo. Sharti lilikuwa moja: mtu akiitambua sura, aambiwe kwamba nyumbani hakuna anayeuliza habari za mabati.

Tatizo la kwanza lilikuwa baridi. Huku juu nani atavua sweta kumwonyesha mtu fulana? Silvano alizunguka milima yote akiwa amefunikwa kama yai. Malori yalipoteremka Mombo, joto likawavua matingo sweta, ndipo uso ukaonekana. Tatizo la pili ni kwamba nchi hii mtu mwenye uso kwenye fulana anajulikana ni nani.

"Huyu anagombea wapi?" watu walimuuliza Yassin kule Korogwe.

"Hana kata. Anatafutwa."

"Wote wakishachaguliwa wanatafutwa! Tupe na sisi fulana."

Mama mmoja wa sokoni alitaka kujua kama ataleta maji. Yassin akamwahidi maji na zahanati.

Efrazia hakucheka alipohadithiwa. Jioni, Fuso ikilia breki kwenye kona ya chini, moyo wake ulitangulia barabarani kabla ya miguu. Tingo akishuka, alimtazama usoni kwanza, na tingo akianza kwa "Mama Klara, safari ilikuwa nzuri tu," alijua. Alirudi ndani akapakua chakula. Mkono ulizoea njia yake, ukapakua na sahani ya tatu, chakula chake akakirudisha sufuriani. Klara alijifanya anatafuta chumvi.

Kisha siku moja Yassin akarudi amevaa shati la mtu mwingine.

"Shikamoo, Mama Klara. Kaa kwanza."

"Marahaba. Sikai. Sema."

"Safari hii mzigo ulikuwa wa Moshi. Tukapata pancha Mazinde. Akaja fundi pancha, mtu mwembamba, ndevu hizi hapa. Anafungua tairi huku ananitazama kifua. Akaniuliza, 'Huyo ni marehemu?' Nikamwambia, 'Mzima, ila hana habari.' Akauliza, 'Nani amewapa?' Nikasema, 'Mkewe. Na anasema hakuna anayeuliza mabati.' Akaziba tairi, akajaza upepo. Halafu akavua shati lake, akasema tubadilishane."

"Na wewe ukampa?"

"Nikampa. Mimi nilidhani kapenda masharubu! Tumeondoka, natazama nyuma, amesimama kaivaa. Nikaona nyuso mbili, moja juu ya nyingine, pua ni ile ile. Nikapiga bodi, dereva asimame. Hasikii! Kaweka muziki."

Mazinde. Miaka yote hiyo Efrazia alimtafuta Dar, na mtu wake alikuwa chini tu ya mlima, mahali ambapo akiinua macho kutoka kwenye tairi anauona mgongo wa nyumbani kwake. Alilivuta shati kutoka mwilini mwa Yassin, akamwachia abaki na baridi yake. Lilinuka gundi ya pancha. Kifungo kimoja kilishonwa kwa uzi wa kushonea magunia, kikazungushwa na kufungwa fundo kubwa kama jipu. Alikitazama sana kile kifungo. Huo ulikuwa mshono wa mwanaume asiye na mtu wa kumshonea, na Efrazia, Mungu amsamehe, alifurahi.

"Kesho tunapita tena," alisema Yassin. "Panda mbele, tukushushe pale pale kwake."

"Siendi."

"Mama Klara! Umemtafuta nchi nzima!"

"Nilikuwa namtafuta. Sasa nimempata. Nikimfuata, nitarudi na mzigo, na kila siku ataniambia nilimleta mimi. Barabara ya kupanda anaijua. Apande."

Akalikunja lile shati, akaingia nalo ndani.

Kesho yake asubuhi alikuwa dukani kabla Hamza hajafagia, na fulana ya mwisho ya mheshimiwa mkononi.

"Tena yule mzee?" Hamza aliuliza.

"Sasa niweke mimi. Yassin atapita nayo pale Mazinde."

"Umeleta picha?"

"Nipige ya leo."

Hamza akamkalisha kwenye kigoda, akafungua pazia nyuma yake. "Simu hii inaondoa mikunjo, mama. Nakurudisha msichana."

"Msichana, mume wangu anamjua. Aone huyu."

"Sawa. Tazama hapa. Unataka uonekaneje? Ucheke?"

Efrazia alirekebisha kilemba, akafikiri kidogo.

"Kama mtu aliyeacha mlango wazi," alisema, "lakini hatapasha chakula mara mbili."

Hamza akabonyeza.