Sahani ya Mwenye Shamba

Mama alikuwa amekaa siku nne bila kumeza kitu isipokuwa maji. Nilikuwa nimemtoa hospitali ya Mwingi, na basi lilipoharibika karibu na Migwani akaniambia, "Mwanangu, nikipata muthokoi wa moto nitajaribu." Kwa neno hilo ningetembea kwa magoti.

Hapakuwa na hoteli nyingine ila ile ya shamba la nyuki, walikotengeneza uki, pombe ya asali. Mimi mwinjilisti sikuwa nimewahi kukanyaga pale. Wanywaji wawili waliokuwa kivulini walicheka.

"Mwalimu, leo umekuja kutuokoa ama kuonja?"

"Nimeleta mgonjwa ale."

Wakasogea kutupisha.

Mjane mwenye hoteli alipita mara tatu bila kututazama. Baada ya saa nzima alileta sahani mbili za muthokoi baridi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, magumu kama changarawe, na chai yenye harufu ya moshi. Mama aliweka punje moja mdomoni, akaitoa kwa vidole. Ndipo mjane aliporudi na sahani ya tatu, mvuke ukipanda, akaiweka mbele ya kiti kitupu mkabala nasi na kumwaga uki kidogo sakafuni.

"Huyo anakuja saa ngapi?" nikauliza.

"Ameshafika."

Desturi hiyo naijua. Wazee wetu waliwatangulizia aimu, roho za marehemu wao, tonge la kwanza. Lakini sikuwahi kuona mtu akisogeza kiti ili marehemu akae vizuri.

Nilikasirika, nikadhani ni hasira takatifu. Nikaichukua ile sahani, nikaiombea, nikaiweka mbele ya mama. Nyuki waliokuwa wakivuma darini walinyamaza kwa pamoja. Mjane alishika mdomo.

"Mwalimu, hiyo ni ya bwana wangu, mwenye shamba."

Mama hakuigusa. Alikitazama kile kiti kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande mmoja kama anayesikiliza, kisha akaitika polepole. Ndipo akala. Kijiko kwa kijiko, mpaka akapangusa sahani kwa kidole. Nililia mbele ya walevi, wala sikuona haya.

Tulipotoka nilimuuliza alikuwa akingoja nini.

"Ruhusa. Wewe ulimshukuru Mungu, na ni vizuri. Lakini mwenye chakula ulimpokonya."

"Mama, pale hapakuwa na mtu."

"Ni mpole sana," akasema. "Aliniambia nile, yeye hana njaa tena. Ila alisikitika, uliingia kwake bila kumsalimia."

Nikamketisha mama kwenye jiwe, rangi imeanza kumrudia usoni, nikarudi ndani peke yangu. Kiti kilikuwa bado kimesogezwa. Nilivua kofia, nikatoa salamu kama mgeni yeyote. Mjane aliyekuwa akipangusa meza aliacha kitambaa, akangoja, nami nikajikuta nangoja pamoja naye.