Mlango wa Kisanduku cha Mninga

Nilikuwa na miaka minane mama alipopanda basi la Tabora kwenda kujifungua, akaniacha Ipole na bibi. Aliniachia pia kisanduku chake cha hereni, cha mbao ya mninga, ambacho baba alimchongea msimu mmoja wa kurina asali.

"Kitunze mpaka nirudi," alisema.

Kukitunza tu hakukunitosha. Nilitaka arudi akikute kimekuwa nyumba. Nilikisimamisha kwa ubavu, kifuniko kikawa mlango. Nikabandika picha za kalenda ukutani kwa nta ya nyuki, nikatundika mapazia ya kitenge, nikaezeka paa kwa nyasi. Baba na mama walikuwa magunzi ya mahindi. Mwisho nikageuza kiberiti kuwa kitanda, nikakitandika pamba, nikampelekea bibi aone.

Alikuwa akipepeta mtama. Ungo ulitulia mikononi mwake.

"Nani kakufundisha kuezeka hivyo?"

"Hakuna, bibi. Ni nyumba ya mama."

"Na hicho kitanda?"

"Cha mtoto."

"Hajafika, umeshamtandikia." Akaweka ungo chini. "Mjukuu wangu, vinyumba vya nyasi kama hiki hujengewa wazee waliotangulia. Watadhani wameitwa. Na wakikuta kitanda ni cha mtoto, watamchukua yeye."

Mchana ule baba alipiga simu kutoka hospitalini Tabora. Uchungu ulianza tangu alfajiri, mtoto hatoki, madaktari wanasema tusubiri. Simu ya bibi ilikuwa na sauti kubwa. Nilisikia kila neno. Nikakimbilia kisanduku nikivunje.

Bibi akanidaka mkono. "Ukibomoa umewafukuza. Kaa chini."

Bibi yangu aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa. Kabla ya kukoroga unga wa mtama kwenye maji, alichungulia barabarani.

"Mwinjilisti akipita, tunapika uji," alininong'oneza.

Alitoa kile kitanda, akafungua mlango, akanyunyiza maji yale ya unga, akamtaja marehemu babu kwa jina. "Huyu ni mtoto, alikuwa anacheza. Pita salama, utuachie wetu."

Mlango ulipenda kujifunga wenyewe. Nikaushika ubaki wazi, babu apite, na sikuuachia mchana kutwa. Kidole kilikufa ganzi, sikuthubutu kubadilisha mkono.

Simu iliita jua likizama. Bibi alisikiliza, akaanza kulia, nami nikajua nimemuua mdogo wangu. Akajifuta machozi kwa kitenge, ndipo akasema: mvulana, mzima, na mama mzima.

Mvulana huyo sasa ananizidi kimo. Hufuata mchele Igunga kwa lori, na nikimsimulia habari hii hucheka mpaka anajishika mbavu. Mimi nimesoma chuo; najua ni mikono ya mkunga iliyomtoa. Lakini akiwa njiani na simu yake haipatikani, naenda kabatini, kilipo kile kisanduku, kuangalia kama ule mlango uko wazi. Huwa uko wazi; niliuwekea kijiti. Hata hivyo, naushika kidogo.