Bogenvilia Isiyochanua

Mama yangu aliinyima bogenvilia maji kwa makusudi. Uani kwetu Ujiji, mchicha na mpapai vilipata ndoo asubuhi na jioni; mti ule wa miiba uliokumbatia ukuta uliambulia maji ya kunawia, tena kwa nadra. “Ukiunywesha utanenepa majani,” alisema. “Acha uone kiu, ndipo uchanue.” Baadaye chuo kikuu kilinifundisha jambo hilo hilo kwa maneno marefu zaidi.

Tulipomzika, desturi ilitutaka tuchomeke kijiti kibichi kichwani mwa kaburi. Wengine hukata tawi lolote lililo karibu. Mimi nilikata bogenvilia yake, kipande cha unene wa kidole gumba, nikakichomeka kwa mkono wangu. Kabla ya kurudi kazini Dodoma nilimwomba mama mdogo, ambaye nyumba yake inapakana na makaburi, akimwagilie kila siku. Nilijua fika kwamba nakosea. Lakini sikuweza kumwacha mama na kitu chenye kiu.

Kisha nikakaa miaka sita bila kurudi. Kila mwaka nilipata sababu, na kila sababu ilikuwa ya uongo kidogo. Kiangazi kilichopita nilikuja kwa jambo moja tu: kusimama kaburini na kumwomba mama radhi.

Niliingia makaburini baada ya swala ya Alasiri, nikashindwa kupiga hatua. Kila upande, maua ya zambarau. Waliofiwa baada yetu walikuwa wameupenda mti wa mama, wakakata vijiti vyake na kuvichomekea watu wao. Vyote vilishika. Makaburi kwa makaburi, yasiyo na vibao, yalivaa ua lile lile, na sikujua radhi niiombe wapi. Hapakuwa na upepo. Ziwa lilitulia kama bati. Hata hivyo yale maua makavu kama karatasi yalitoa mchakacho nyuma yangu. Nilipogeuka yakanyamaza, mchakacho ukaanza mbele.

Nilizunguka hadi nikauona mmoja usio na ua hata moja. Ulikuwa mnene, wa kijani kilichokolea, matawi yametambaa hadi njiani. Nilicheka peke yangu. Huo ndio ulionyweshwa. Nikapiga magoti na kugusa udongo: ulikuwa umelowa, wa baridi, kama uliomwagiwa punde.

Kabla ya kuomba radhi, nilikwenda moja kwa moja kumshukuru mama mdogo. Nilimkuta barazani, mguu uliovimba umenyooshwa juu ya mkeka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Leo umekumbuka njia? Nilidhani huko Dodoma wamekulisha dawa ya kusahau.”

“Nimetoka kaburini. Ahsante kwa maji.”

“Maji gani?”

“Ya ule mti.”

“Mwanangu, tangu Mfungo Mosi, miezi sasa, sijavuka kizingiti hiki. Hata chooni napelekwa kwa kushikwa mkono.”

“Labda ulimtuma mtu.”

“Nimtume nani akanyweshe bogenvilia? Mji mzima utanicheka.”

Nilisema ziwa limepanda miaka hii; pengine maji yanapenya chini kwa chini.

“Ziwa,” alisema, “lipande mlima, liruke makaburi yote ya watu, lichague moja?”

Asubuhi yake nilirudi makaburini peke yangu, mchakacho ukinifuata. Mizizi ya miti ya jirani ilikuwa katika vumbi. Udongo wa mama ulikuwa umelowa upya, na maji bado yalikuwa yakinywea. Niliomba radhi pale pale, kwa sauti, kwa miaka yote sita, wala sikutaja sababu. Kisha nikasema lile nililopaswa kumwambia mama mdogo tangu siku ya kwanza: “Inatosha, mama. Uache uone kiu.”

Mchakacho ukakoma makaburini kote.

Tangu hapo mama mdogo hunipigia simu kila Ijumaa. Tunaongea juu ya mguu wake, bei ya dagaa, joto. Sijamuuliza kama mti umechanua, naye hajaniambia.