Sekunde Kumi na Moja za Konstebo Rigg

Doreen Ackroyd hakuwa mtu wa kuamini watu, na miaka ishirini na miwili ya kugawa silaha kwenye dirisha la stoo ya polisi haikumponya. Askari akija kuchukua bastola ya umeme, alimtazama mikono kwanza, uso baadaye. Kabla ya hapo alifanya kazi katika kiwanda cha kufuma nguo, kule chini mtoni, na kelele za mashine zake ndizo zilizomziba sikio la kushoto. Hilo hakumwambia mtu.

Alikuwa na sababu ya kuficha. Desturi ya kituo ilikuwa kwamba askari akishapewa bastola hutoka uani, huchomoa kile kichwa chenye nyaya, hupaza sauti "Cheche!" wenzake wasishtuke, kisha hufyatua mara moja aone kama umeme unaruka. Doreen, dirishani, akisikia mlio kama wa mafuta yanayokaanga, hutia alama kitabuni. Mfyatuo mmoja, alama moja.

Jumanne moja Konstebo Callum Rigg alimpiga umeme Neville Stott, mzee aliyekuwa akirudi kutoka kwenye kijibustani chake cha viazi na mkasi wa kukatia ua mkononi. Neville aliangukia ngazi za mawe za kanisa, kichwa kikatangulia. Kufikia Ijumaa alikuwa bado hajafumbua macho. Rigg aliandika kwamba alimfyatulia mara moja, sekunde tano.

Doreen akaiunganisha bastola na kompyuta, kama kanuni inavyotaka. Saa yake ya ndani ilikuwa imekufa zamani, hivyo haikuonyesha ilifyatuliwa wakati gani, lakini hesabu ilikuwa hai. Tangu Rigg aichukue ilifyatuliwa mara tatu: sekunde tano, kumi na moja, halafu tano. Kitabuni palikuwa na alama moja. Machale yakamcheza, lakini alipeleka karatasi juu kama kawaida.

Haikupita nusu saa, Sajenti Keith Thwaite akashuka na vikombe viwili vya chai.

"Umefuata nini, Keith?"

"Chai tu. Mtu haruhusiwi kumletea mwenzake chai?"

"Mtu anaruhusiwa. Wewe ndiyo sijawahi kukuona."

Keith akacheka, kicheko cha meno matupu. "Rigg alijaribu mara mbili asubuhi ile. Cheche za kwanza zilikuwa hafifu, akarudia, akachelewesha kidole. Ongeza alama moja, Doreen, yaishe."

"Nilisikia moja."

Sajenti akainama upande wa kushoto wa Doreen, akanong'ona. Doreen aliona midomo ikicheza tu.

"Unaona?" akasema, sasa kwa sauti. "Nimejua siku nyingi, dada yangu, nikakusitiri. Wakikuhoji watakupima masikio. Na umebakiza miaka miwili tu ustaafu."

Alipoondoka, Doreen aliogopa, na alimchukia. Kibaya zaidi, alianza kujishuku mwenyewe. Huenda Rigg alirudia kweli, naye alikuwa amegeuzia uani sikio bovu? Chai hakuigusa.

Akachukua bastola nyingine rafuni, akatoka uani, akachomoa kichwa. "Cheche!" Akafyatua, akaachia. Iliunguruma sekunde tano, ikajizima yenyewe. Akafyatua tena, safari hii akabana kidole asiachie. Sita. Saba. Kufikia nane madirisha ya juu yalikuwa yamejaa vichwa.

"Mama Doreen!" mmoja akapiga kelele. "Unamuua nani huko?"

Kumi na moja. Kidole kilimuuma. Akasimama pale akijua kwamba jaribio la namna hiyo kituo kizima kingelisikia, awe yeye kiziwi asiwe kiziwi.

Akarudi ndani, akaandika: "Nilisikia mlio mmoja. Sikio langu la kushoto ni bovu, nipimeni. Bastola za aina hii hujizima zenyewe baada ya sekunde tano. Kumi na moja ni kidole cha mtu, na uani kituo kizima kingeisikia." Akatia saini. Hakumpa Keith karatasi hiyo, wala hakuiacha kwenye sanduku la barua la kituo, maana sanduku lile nalo hakuliamini. Aliipeleka kwa mkono wake kwa wachunguzi wa nje, akadai stakabadhi.

Jumatatu Keith alimkuta akikusanya vitu vyake.

"Umejimaliza mwenyewe, Doreen."

"Ndiyo. Mimi nimejimaliza mwenyewe. Neville hakujimaliza."